Mchore Kondoo Dume Wako Kabla ya Kumpeleka Mnadani

 

Leo nina ushauri ambao baadhi yenu mtaucheka, na chekeni tu, kucheka hakuna ushuru. Naona kila anayefuga kondoo hapa Dodoma ajifunze kumchora kondoo dume. Sizungumzii kile kiwingu chenye miguu minne ya njiti ambacho watoto huchora ukutani kwa mkaa. Nazungumzia dume halisi, yule aliyemo zizini kwako, mpaka jirani akiiona karatasi aseme, "Ah, huyu si yule dume wako mwenye baka shavuni?"

Sitaki mgeuke wasanii wa kuuza picha kwa watalii. Sababu yangu ni ya ufugaji kabisa. Mtu akikaa dakika 40 akimchora dume mmoja, atamjua kuliko alivyomjua kwa miaka miwili ya kumwona akipita kwenda malishoni. Na sisi watu wa ukanda huu mkavu, kuanzia Bahi mpaka Mpwapwa, tunapoteza kondoo wazuri kila mwaka kwa sababu hiyo moja: tunawaona, lakini hatuwatazami.

Kondoo wa kwenye picha na kondoo wa zizini

Fanya jaribio dogo. Chukua karatasi sasa hivi, usitoke nje, mchore kondoo dume kwa kumbukumbu tu. Nimelifanya jaribio hili na vikundi vya wafugaji kwenye mafunzo, na picha huwa zinafanana kama zimechorwa na mkono mmoja. Mwili wa mviringo uliojaa sufu kama fundo la pamba. Pembe mbili zilizojikunja kama konokono. Mkia mfupi kama kidole gumba.

Sasa toka nje ukamwangalie wako. Sufu iko wapi? Kondoo wetu wana manyoya mafupi yaliyolala, kama ya mbuzi. Wengi hawana pembe kabisa, na wenye nazo mara nyingi ni ndogo. Na mkia! Mkia wa kondoo wetu ni ghala. Ni mpana, mzito, umejaa mafuta anayoyaweka wakati wa majani na kuyatumia wakati wa kiangazi. Yule uliyemchora ni kondoo wa kigeni wa sufu, wa jamii ya akina Merino. Tena hata huo mkia wake mfupi mara nyingi si wa kuzaliwa, wafugaji wa kule huukata angali mtoto ili kinyesi kisigandame kwenye sufu.

Huyo kondoo mgeni ametufikia kupitia vitabu vya shule, kadi za sikukuu, na vipeperushi vya mafunzo ambavyo mtayarishaji alichukua picha ya kwanza aliyoiona kwenye intaneti. Amekaa kichwani mwetu mpaka tukimtazama wa kwetu tunamwona kama kondoo aliyepungukiwa kitu.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1515 kifaru mmoja kutoka India alifikishwa Lisbon, Ureno, kwa meli. Mchoraji mkubwa wa Ujerumani, Albrecht Dürer, hakumwona kifaru yule hata siku moja. Alipata maelezo ya barua na mchoro wa mtu mwingine, akamchora. Kifaru wake ana ngozi kama mabati ya vita yaliyopigwa ribiti, na ana kipembe cha pili mgongoni, karibu na mabega, mahali ambapo hakuna kifaru yeyote duniani mwenye pembe. Picha ile ni nzuri mno, na kwa sababu ni nzuri, vitabu vya Ulaya viliendelea kuinakili kwa zaidi ya miaka 200. Watu wakaamini kifaru yuko hivyo. Mkono wa fundi bila macho ya fundi huleta kipembe mgongoni.

Kondoo tulio nao ni akina nani?

Kwenye mazizi ya huku utakuta kondoo wa kienyeji wa rangi mchanganyiko, utakuta damu ya kondoo mwekundu wa Kimasai, na utakuta wale weupe wenye kichwa na shingo nyeusi wanaoitwa Blackhead Persian. Jina linasema Uajemi lakini asili yao ni pande za Somalia. Wote hawa wana manyoya mafupi, na wote huweka mafuta kwenye mkia au kwenye makalio.

Kondoo mwekundu wa Kimasai ana sifa moja ambayo watafiti wameithibitisha: anavumilia minyoo ya tumboni kuliko kondoo wengi wa kigeni. Mnyoo ule unyonyao damu, ambao huua kondoo wengi msimu wa mvua, kwake hapati nafasi kubwa. Huko Kenya, kuanzia miaka ya 1970, dume aina ya Dorper alisambazwa sana, na leo kondoo wekundu walio safi wamekuwa wachache. Dorper ni kondoo mzuri wa nyama, alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na huyohuyo Blackhead Persian. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na mtu anayemtafuta Dorper kabla hajamtazama dume aliye naye.

Mnadani ndiko tunakopotezea mbegu

Twende mnada wa Msalato, au mnada wowote ulio karibu nawe. Angalia madume wanaoshushwa. Utaona vijana wenye afya, vifua vimejaa, manyoya yanang'aa. Ni wa mwaka mmoja, mwaka na nusu. Kwa nini wako pale? Kwa sababu ndio waliokua haraka. Ada ya shule ilipofika, au debe la mahindi lilipopanda bei, baba mwenye nyumba alitazama zizini akamkamata mkubwa kuliko wenzake. Anapata hela nzuri, anarudi nyumbani anafurahi.

Nani kabaki zizini? Amebaki aliyekua polepole. Amebaki yule ambaye mchuuzi alimshika kiuno akamwachia. Huyo ndiye atakayepanda.

Piga hesabu. Dume mmoja anatosha majike 25 hadi 30. Jike mwenye kasoro atairithisha kwa mtoto mmoja au wawili kwa uzao. Dume mwenye kasoro atairithisha kwa watoto wa zizi zima, kwa sababu nusu ya damu ya kila mtoto ni yake. Fanya hivyo vizazi vitano mfululizo, umuuze bora na umwache hafifu, halafu ukae kivulini uniambie, "Bwana mifugo, mbegu yetu ya kienyeji ni duni, tuletee ya nje." Jamani! Mbegu haikuzaliwa duni. Tumeichagua iwe duni, mnada mmoja baada ya mwingine.

Na siku hizi kuna mtego mwingine, picha za simu. Mfugaji mmoja wa kata ninayoihudumia alitumiwa kwenye WhatsApp picha ya dume, kichwa kikubwa kama cha ndama, kifua kama cha fahali. Akatuma pesa. Aliyeshushwa kwenye gari alikuwa kondoo mwembamba wa kawaida kabisa, miguu ya nyuma imepinda kwa ndani. Picha haikuwa ya uongo, dume alikuwa yuleyule. Lakini ukimpiga mnyama picha kwa simu ukiwa hatua moja mbele ya uso wake, kichwa na kifua vinakuwa vikubwa na nyuma kunasinyaa. Aliyezoea kuchora angeshtuka mara moja, angeuliza: mbona kichwa hiki kimelingana na nusu ya mwili? Nitumie picha ya ubavuni, nyingine ya nyuma, upige ukiwa mbali.

Namna ya kumchora

Huhitaji vifaa vya gharama. Daftari lisilo na mistari au nyuma ya kalenda ya zamani, penseli, kifutio, na kijiti kilichonyooka. Bua kavu la uwele linatosha. Huna penseli? Kipande cha mkaa na karatasi ya mfuko wa saruji vinafanya kazi vizuri tu.

Chagua saa 1 asubuhi kabla hawajatoka, au saa 11 jioni wakirudi. Jua la pembeni linaonyesha mbavu, nyonga na misuli. Jua la saa 6 mchana linafuta kila kitu. Mfunge dume kwa kamba ndefu mahali pa tambarare, au mtenge kwenye kizizi kidogo na mwenzake mmoja ili asihangaike. Kondoo akiwa peke yake hatulii.

*Kwanza, mtazame dakika 5 bila kuchora.* Hapa ndipo wengi hushindwa. Mkono unawasha. Uzuie. Tazama anavyosimama, uzito ameuweka mguu gani, anapogeuka anaanza na nini.

*Pili, pima.* Simama hatua kama sita ubavuni kwake. Nyoosha mkono, fumba jicho moja, shika bua lako lilingane na urefu wa kichwa chake kutoka utosini hadi mdomoni, weka kidole gumba pale. Hicho ndicho kipimo chako. Sasa hesabu: kutoka kifuani hadi mwisho wa makalio vinaingia vichwa vingapi? Kutoka mabegani hadi chini vingapi? Andika namba pembeni ya karatasi. Ukiwapima hivi madume watatu wa umri mmoja utashangaa. Mmoja ni mrefu wa mwili, na mwingine uliyemdhania mkubwa ana miguu mirefu tu.

*Tatu, vuta mstari wa mgongo.* Mstari mmoja, kutoka nyuma ya masikio hadi shina la mkia. Usiunyooshe kwa rula, ufuate ulivyo. Je, nyuma ya mabega umebonyea sana? Mgongo uliobonyea kwa dume kijana ni mgongo ambao hautamsaidia akipanda.

*Nne, miguu.* Watu wengi huchora miguu ya kondoo kama ya meza. Kumbuka kondoo anatembea kwa ncha za vidole. Kwato ni kucha zake. Kile unachokiita goti la mbele kinalingana na kifundo cha mkono wako, na ile kona ya mguu wa nyuma inayochomoza kuelekea nyuma inalingana na kisigino chako. Ukilielewa hilo, mguu utakaa wenyewe.

Kuna ujanja mwingine hapa: usichore miguu, chora nafasi iliyo kati yake. Litazame lile dirisha lililo chini ya tumbo, kati ya miguu ya mbele na ya nyuma, uchore umbo la dirisha hilo. Macho hayana mazoea na umbo la hewa, kwa hiyo hayatakudanganya. Dirisha likitoka limepinda, mguu umepinda.

*Tano, zunguka nyuma.* Hii picha ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza, na hakuna kadi ya sikukuu iliyowahi kuionyesha. Chora visigino viwili vya nyuma. Vinatazamana na kukaribia kugusana, au vimesimama sambamba? Dume hupanda akiwa amesimama kwa miguu hiyo miwili. Chora upana wa mkia. Kisha chora pumbu, tena bila aibu, hii ni kazi. Ziwe mbili, zilingane, zining'inie vizuri. Mchoro ukitoka upande mmoja mkubwa kuliko mwingine, weka penseli chini, zishike kwa upole. Kama kuna uvimbe, ugumu au maumivu, dume huyo asipande kwanza, mwite mtaalamu. Na ujue mbegu za kiume huchukua karibu wiki 7 kutengenezwa, kwa hiyo dume anayeugua au kukonda leo ataonyesha hasara miezi miwili mbele.

*Sita, kichwa.* Sogea karibu. Chora pua kwa ubavuni. Tazama kama taya la chini linakutana na la juu. Kondoo hana meno ya mbele juu, ana ufizi mgumu tu, na meno ya chini yanatakiwa yagonge pale. Taya likiwa fupi au refu kupita kiasi, atashindwa kung'oa majani mafupi ya kiangazi, na kasoro hiyo huwafuata watoto. Fungua mdomo uhesabu meno makubwa. Kwa makadirio, mawili ni mwaka mmoja na kidogo, manne ni karibu miaka miwili, sita inaelekea mitatu, na manane amefika minne au anaikaribia.

Ukifika kwenye jicho, acha kuchora kiini cha duara kama cha binadamu. Kiini cha jicho la kondoo ni kipana, kimelala kama tundu la kuingizia sarafu. Na kwa kuwa uko hapo hapo, vuta kope la chini kidogo utazame ndani. Wekundu mzuri ni dalili njema. Weupe kama karatasi maana yake damu imekwisha, na mara nyingi mnyonyaji ni yule mnyoo wa tumboni. Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi 5 kwa ajili ya kazi hii ya kulinganisha kope.

*Saba, kivuli.* Laza penseli, tia kivuli pale mwanga usipofika. Kama unajikuta unachora mistari ya mbavu moja moja, dume wako amekonda. Kama hakuna pa kutia kivuli ubavuni kote, amenenepa mno, naye atakuwa mvivu. Malizia kwa mkono: bonyeza juu ya kiuno, nyuma ya mbavu ya mwisho, usikie mifupa ya uti wa mgongo. Sisi wataalamu tunatoa alama 1 hadi 5, ambapo 1 ni mfupa mtupu na 5 ni mafuta matupu. Dume anayejiandaa kupanda awe 3 au zaidi kidogo.

*Nane, alama zake.* Baka shavuni, soksi nyeupe, sikio lililochanika, rangi ya hereni. Andika tarehe.

Mchoro wa kwanza utakuwa mbaya. Wa tano utakuwa na ahueni. Wa kumi, mtoto wako atauliza kama umenakili mahali.

Usimnenepeshe kwa penseli

Kuna kishawishi kikubwa, kumchora dume unayemtamani badala ya uliye naye. Uingereza karne ya 18 na ya 19 wafugaji wakubwa walikuwa wakiwalipa wachoraji wawachoree mifugo yao, picha zikatumika kama matangazo ya biashara. Ng'ombe wakachorwa kama masanduku, kondoo kama mapipa. Mchongaji mmoja maarufu, Thomas Bewick, aliyefariki mwaka 1828, alisimulia katika kumbukumbu za maisha yake jinsi wenye mifugo walivyotaka aongeze mafuta mahali ambapo yeye hakuyaona. Alikataa. Alikuwa tayari kuchora kilichokuwepo mbele yake, na ziada ya hapo hapana.

Nawasihi muwe kama Bewick. Ile miguu iliyopinda, ichore imepinda. Karatasi yako si tangazo, ni ya kukusaidia wewe kuamua. Ukiidanganya karatasi, unamdanganya mjukuu wako atakayerithi zizi.

"Bwana mifugo, kazi zote hizi na kuchora tena?"

Nimezisikia hoja zenu, na baadhi zina uzito.

Kuna wanaosema muda hakuna. Kweli, msimu wa kulima hakuna. Lakini mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili au zaidi kidogo. Baada ya mavuno jioni zipo. Madume watatu, jioni tatu. Muda unaoutumia kutafuta dume wa kununua na nauli ya kumfuata ni mkubwa kuliko huo.

Wengine wanasema simu ipo, piga picha, imekwisha. Piga, mimi pia napiga. Ila picha ya simu inachukua sekunde moja, na katika sekunde hiyo hukulazimika kuona chochote. Unaweza kuwa na picha 300 za dume wako na usijue visigino vyake vimekaaje. Kwa penseli huwezi kupita kwenye kisigino bila kukiamulia. Hata kwenye nchi zenye kamera za kila aina, hati za utambulisho wa farasi bado zina umbo la farasi ambalo daktari wa mifugo anachora juu yake mabaka na alama kwa mkono. Wanajua kwa nini.

Wapo pia wanaosema kuchora ni mambo ya watoto na Wazungu. Ndugu yangu, panda gari uelekee Kondoa, ushuke Kolo. Kwenye miamba ile kuna michoro ya rangi nyekundu iliyochorwa na watu wa uwanda huu huu, zamani kabla ya penseli, kabla ya karatasi. Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Simama mbele ya mwamba utazame. Huna haja ya kuambiwa huyu ni twiga, yule ni tembo, yule ni pofu. Vichwa, shingo na migongo vinasema vyenyewe. Waliochora vile walikuwa wanawajua wanyama wao mpaka mkono unakwenda wenyewe. Elimu hii ilikuwepo hapa.

Na kama unadhani kuchagua mbegu ni kazi ya mabara mengine, kumbuka Mpwapwa. Kituo kile cha mifugo ndicho kilichozalisha ng'ombe aliyebeba jina la wilaya yenyewe. Hawakumpata kwa bahati nasibu. Walitazama, wakaandika, wakachagua, wakarudia.

Karatasi ikikamilika, ifanyie kazi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo mchoro uingie kwenye daftari, ukurasa mmoja kwa kila dume: picha ya ubavuni, picha ya nyuma, namba za vipimo, meno, alama ya unene, mama yake ni nani.

Mchore mara mbili kwa mwaka. Mwezi Mei, wakati majani yangalipo na mkia umejaa. Halafu mwezi Oktoba, wakati ardhi imekauka na kondoo wanaokota majani ya migunga. Weka karatasi mbili pamoja. Dume ambaye mkia wake umepungua kidogo tu na kiuno kimebaki huyo ndiye mwenye damu ya Dodoma. Huyo hata kama si mkubwa kuliko wote, ndiye wa kumfunga kamba nyumbani. Uzuri wa mwezi Mei kila kondoo anao.

Daftari hilohilo litakuzuia kumwacha dume apande binti zake. Baada ya miaka miwili hivi, badilishana na mfugaji wa kijiji kingine. Kila mmoja aje na ukurasa wake, mtazame karatasi kwanza ndipo mwende zizini. Mkiona karatasi na mnyama havifanani, mtajua mnazungumza na mtu wa namna gani.

Siku mnyama akiibiwa, ukurasa wenye baka, sikio na hereni unasaidia kuliko kumwambia mtendaji wa kijiji, "Ni mweupe mwenye kichwa cheusi." Weupe wenye kichwa cheusi wako mia mbili mnadani.

Na wachungaji wetu wengi ni vijana na watoto, wakati wa likizo hasa. Wape daftari. Mtoto anayekaa na kondoo siku nzima akiwa na penseli atakuja kukwambia habari za zizi lako ambazo wewe mwenyewe huzijui. Maafisa ugani wenzangu nao wawaombe wafugaji wao michoro ya vipeperushi, badala ya kumwita tena yule kondoo wa sufu.

Kwa hiyo naomba hivi. Kabla ya mnada ujao, na kabla wachuuzi wa Idi hawajaanza kupita vijijini na mabunda ya noti, watenge madume vijana wako. Wachore wote. Zitandaze karatasi chini, mwite mkeo au mumeo na watoto, mbishane. Mtakayemwona bora kwa pamoja, abaki. Wengine waende Msalato na baraka zangu, ada ilipwe na mahindi yanunuliwe. Yule aliyebaki ndiye baba wa kondoo wako wa mwaka kesho.